Uchovu usioisha, hedhi nzito na dawa ya siku 21: jibu kwa mama wa Tanga

Msomaji wa Tanga anaandika:

"Shikamoo daktari. Nina miaka 44, watoto watatu, nauza chai, chapati na maandazi asubuhi. Huu mwaka wa pili nachoka hata nikitoka kuamka. Nikipanda ngazi za ghorofa moja tu moyo unanienda mbio. Hedhi inakaa siku 8 au 9 na inatoka na mabonge. Nimenenepa, hasa tumbo. Usingizi wangu ni mdogo, nalala saa 5 usiku naamka saa 9 kukanda unga, na mama mkwe alipata kiharusi mwaka jana, yuko kwangu. Rafiki yangu anasema mwili wangu umejaa sumu, kuna dawa ya kusafisha ya siku 21, shilingi 120,000. Mimi naona tatizo ni kukosa mpangilio. Naona wenzangu mtandaoni wanaamka saa 11 alfajiri wanafanya mazoezi, wanakunywa juisi za kijani, wanapendeza. Nianzie wapi? Ugonjwa mkubwa sina. Labda tabia mbaya niliyo nayo ni kutafuna pemba, siku haipiti bila hiyo. Halafu binti yangu wa miaka 12 kaleta karatasi ya chanjo ya saratani kutoka shuleni. Wifi zangu wanasema itamfunga kizazi. Nimruhusu?"

Marahaba dada yangu.

Umenieleza mengi, lakini lile ulilolitaja karibu na mwisho, tena kwa aibu, ndilo lililonifanya niyaweke mengine pembeni kwanza. Pemba. Mwanamke ambaye hana mimba, anayetafuna udongo kila siku na akiukosa hatulii, mara nyingi mwili wake umeishiwa madini ya chuma. Wapo wanaotamani barafu, wapo wanaotafuna mchele mbichi mpaka meno yanauma. Hamu hiyo usiiite tabia mbaya. Ukiiweka pamoja na hedhi ya siku 9 yenye mabonge, na moyo unaokwenda mbio kwenye ngazi za ghorofa moja, habari za sumu hazina nafasi tena. Nashuku damu yako ni kidogo, na imekuwa kidogo kwa muda mrefu.

Kwa hiyo mazoezi ya saa 11 alfajiri yasubiri. Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ukapime wingi wa damu. Ni tone moja la kidole na majibu unapewa papo hapo. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na gramu 12 au zaidi kwa kila desilita ya damu. Chini ya hapo ana upungufu, na chini ya 8 upungufu huo ni mkali. Shida ni kwamba damu ikipungua polepole, mwili unajizoesha. Nimeona akina mama wenye gramu 6 wanaingia kliniki kwa miguu yao, wamebeba mtoto mgongoni, wanasema "nimechoka tu kidogo." Nyumbani wameshaitwa wavivu, na wao wenyewe wameshaamini. Wala hauko peke yako: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba hapa Tanzania wanawake wapatao 4 kati ya kila 10 walio katika umri wa kuzaa wana upungufu wa damu.

Nikupigie hesabu kidogo, maana ukiielewa hutahangaika tena na juisi. Mwanamke anapoteza kama nusu miligramu ya chuma katika kila mililita moja ya damu inayomtoka. Hedhi tunaiita nzito ikivuka mililita 80, yaani miligramu 40 za chuma kwa mwezi. Katika chakula cha kila siku, mwili unafanikiwa kufyonza miligramu 1 hadi 2 tu, na sehemu kubwa ya hiyo inatumika kwa upotevu wa kawaida kupitia ngozi na utumbo. Kinachobaki kwa mwezi mzima hakifikii 40. Mwezi wa kwanza unakopa kwenye akiba ya mwili, mwezi wa pili vilevile, na baada ya miaka miwili akiba imekwisha. Huwezi kufidia pengo hilo kwa mchicha, hata ule sufuria nzima.

Bila shaka hakuna anayekinga damu yake kwenye kikombe cha vipimo, kwa hiyo tunauliza maswali mengine. Je, pedi inajaa ndani ya saa moja au mbili? Unaamka usiku kubadilisha, au unatandika kanga mbili juu ya godoro? Unavaa nguo nyeusi siku hizo hata kama kuna harusi? Mabonge yanazidi ukubwa wa sarafu? Umeshawahi kufunga biashara kwa ajili ya hedhi? Ukijibu ndiyo kwa mawili tu, hedhi yako ni nzito, na usikubali mtu akwambie "ndivyo wanawake tulivyo." Wala usikubali jibu la "ni umri." Ni kweli kwamba kwenye miaka yako mzunguko huanza kuyumba, kwa sababu kukoma hedhi hutokea kati ya miaka 45 na 55 kwa walio wengi, na miaka kadhaa kabla ya hapo homoni hupanda na kushuka ovyo. Lakini umri unaeleza tu kwa nini hedhi imebadilika. Damu inayokumaliza inahitaji kutafutiwa chanzo.

Na vyanzo vyenyewe ni vingi. Kinachoongoza kwa wanawake wa umri wako ni uvimbe kwenye kizazi, ule unaoitwa faibroidi. Zaidi ya nusu ya wanawake Weusi huwa wameupata wakifika miaka 50, wengi wao bila kujua. Si saratani, na hauhitaji kisu kila mara. Kinachoamua ni uko sehemu gani ya kizazi na unakufanya nini: uvimbe mdogo uliojitokeza ndani ya mji wa mimba unaweza kukutoa damu kuliko mkubwa kama chungwa ulioota kwa nje. Picha ya ultrasaundi itaonyesha. Halafu kuna kitanzi, kama unacho. Kile cha shaba huongeza damu ya hedhi kwa baadhi ya wanawake. Kile chenye homoni hufanya kinyume, hupunguza damu sana, na madaktari wengi hukitumia kama tiba hata kwa asiyehitaji uzazi wa mpango. Sindano ya miezi mitatu nayo inaweza kuvuruga mzunguko, hasa mwanzoni. Kwa hiyo mwambie daktari unatumia njia gani, hata kama mumeo hajui kuwa unatumia. Siri hiyo inaishia kliniki.

Wataangalia pia tezi ya shingo, kwa sababu ikifanya kazi kivivu huleta uchovu, kunenepa na hedhi nzito kwa pamoja. Watakupima mimba, na tafadhali usicheke, maana miaka 44 si kinga. Wakiona haja watachukua kinyama kidogo kutoka ukuta wa ndani wa kizazi ili kuhakikisha hakuna chembe za saratani. Hilo hufanywa zaidi kwa waliofikisha miaka 45, au walio chini ya hapo lakini wana uzito mkubwa, kisukari au hedhi isiyo na mpangilio. Wewe uko mlangoni, kwa hiyo wakikuambia, kubali. Na usisahau minyoo ya safura. Anayetembea peku kwenye udongo wenye unyevu huipata kupitia ngozi ya nyayo, kisha inanyonya damu kimyakimya tumboni. Kidonge kimoja cha albendazole cha miligramu 400 kinatosha kwa kawaida. Pemba nayo ina hatari zake: inaweza kubeba mayai ya minyoo ya aina nyingine, wakati mwingine madini ya risasi, na inazuia chuma kidogo ulichokila kisifyonzwe. Lakini sikwambii uiache kesho kwa nguvu. Chuma kikirudi mwilini, hamu hiyo huondoka yenyewe, mara nyingi kabla hata wingi wa damu haujapanda vizuri.

Tiba yenyewe ya upungufu wa chuma ni rahisi na ni ya bei ndogo, labda ndiyo maana haitangazwi mtandaoni. Ni vidonge vya chuma, vile wanavyopewa wajawazito, ukishaandikiwa baada ya kipimo. Kimoja kwa siku kinatosha kwa wengi. Watafiti wa Uswisi walionyesha mwaka 2017 kwamba wanawake wenye upungufu wa chuma waliomeza siku moja na kuacha siku moja walifyonza sehemu kubwa zaidi ya chuma cha kila kidonge kuliko waliomeza kila siku, kwa hiyo kama kinakusumbua tumbo muulize daktari kuhusu kupishanisha siku. Kinywe kwa maji na kitu chenye vitamini C: chungwa, pera, maji ya ndimu, juisi ya ubuyu isiyozidi sukari. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Unaweza kufunga choo. Ongeza maji, papai na mboga. Baada ya mwezi mmoja rudi upime, damu inatakiwa iwe imepanda walau gramu 1 hadi 2. Isipopanda, kuna jambo halijaonekana, na daktari anatakiwa kutafuta zaidi kabla ya kukuandikia paketi nyingine ya vidonge vilevile. Na damu ikifika 12 usiache. Endelea miezi mitatu mingine ili akiba ijae. Wengi huachia hapo kwa sababu wamepata nguvu, na mwaka haupiti wanarudi palepale. Kama kwenu kuna sikoseli, sema kabla ya kuanza, kwa sababu si kila upungufu wa damu unatibiwa kwa chuma.

Wakati huo huo damu inayotoka lazima ipunguzwe, vinginevyo unajaza ndoo iliyotoboka. Ipo dawa ya asidi ya traneksamiki, inayomezwa siku za damu nyingi tu, haina homoni na haizuii mimba. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofen pia hupunguza damu kiasi. Zote mbili zina watu wasiotakiwa kuzitumia: ya kwanza, aliyewahi kupata damu iliyoganda kwenye mguu au mapafu; ya pili, mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu. Usizinunue dukani kwa kusimuliwa na jirani.

Sasa ile chai. Unauza chai, nadhani unainywa pia, kikombe kila nafasi ikipatikana, pamoja na chapati. Majani ya chai yana viambata vinavyokamata chuma kilichomo kwenye maharage, mboga na nafaka, na kukifanya kipite bila kufyonzwa. Kahawa ni vilevile. Usiache chai, maana najua huo ni ugomvi nisioweza kuushinda Tanga. Itenge tu na chakula: kunywa saa moja kabla au saa mbili baada ya mlo wenye maharage au mboga, na isikaribiane na kidonge cha chuma. Kwenye sahani, dagaa kidogo, nyama kidogo au kipande cha ini pamoja na maharage hukifanya chuma cha maharage kifyonzwe vizuri zaidi. Kamulia ndimu juu ya mchicha au matembele. Kuhusu juisi ya bitiruti na rozela, kunywa kama unaipenda. Rangi yake nyekundu haigeuki damu. Gramu 100 za bitiruti hazina hata miligramu 1 ya chuma.

Uzito. Hapa nitasema machache, kwa sababu ni jambo la pili, si la kwanza, na mtu mwenye damu kidogo akijinyima chakula anajiumiza. Naomba uangalie unakula nini ukiwa umesimama kwenye biashara. Wauzaji wengi wa vitafunwa ninaowahudumia hawali mlo wa asubuhi. Wanakula chapati iliyoungua, andazi lililovunjika, mabaki ya saa 4. Mpaka mchana wameshakula unga mweupe na mafuta ya watu wawili, na bado wanaamini hawajala. Chai ya vijiko vitatu vya sukari, vikombe vinne, ni vijiko 12, karibu gramu 50. Hicho ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asikifikie kwa siku nzima, na lingependa tuishie nusu yake. Weka pembeni mayai mawili ya kuchemsha au maharage ya jana na tunda, ule ukiwa umeketi, kabla hujaanza kuuza. Mengine yatafuata. Pima na kiuno chako kwa utepe wa fundi cherehani: kwa mwanamke, sentimita 80 ndiyo alama ya kuanza kuwa macho, na 88 ni alama ya kuchukua hatua.

Ukiwa hapohapo kliniki, pimwa presha na sukari. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi, ikirudiwa siku tofauti na kubaki hapo, ni ugonjwa hata kama husikii kitu. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7, hicho ni kisukari mpaka kipimo cha pili kikatae. Swali moja ambalo wanawake hawaulizwi vya kutosha: katika mimba zako tatu, uliwahi kupata presha, kuvimba uso, kifafa cha mimba, au kuambiwa sukari imepanda? Watu hudhani hayo yaliisha mtoto alipozaliwa. Aliyewahi kupata kifafa cha mimba au dalili zake ana hatari kama mara mbili ya kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi miaka ya baadaye, na presha humjia mapema kuliko wenzake. Mtajie daktari hilo hata kama ni la miaka 20 iliyopita.

Na omba kipimo cha mlango wa kizazi. Kwa umri wako kilitakiwa kiwe kimeshafanyika, na barua yako haikukitaja. Muuguzi anapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama kuna sehemu inageuka nyeupe. Ni dakika chache, majibu hapohapo, na vidonda vya mwanzo vinaweza kutibiwa siku hiyo hiyo bila kulazwa. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na ni mojawapo ya chache tunazoweza kuzikamata miaka mingi kabla hazijawa saratani. Nenda ukiwa umemaliza hedhi.

Kuhusu ile dawa ya siku 21. Figo zako na ini ndivyo vinavyotoa taka mwilini, usiku na mchana, bure. Chai na vidonge vingi vya "kusafisha" vina majani ya kuharisha. Unaharisha, unapoteza maji na madini, mizani inashuka kilo mbili na unafurahi. Ukinywa maji zinarudi. Kwa mtu mwenye moyo unaokwenda mbio, kupoteza madini ya potasiamu kwa kuharisha ni hatari halisi. Kama ni dawa ya asili iliyosajiliwa, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linaitambua. Lakini hata usajili haumaanishi kwamba inatibu hedhi nzito. Vivyo hivyo kwa "kusafisha kizazi" kwa kuingiza majani, sabuni au maji ya ndimu ukeni. Uke una bakteria wake wazuri wanaoufanya uwe na uchachu kidogo, na uchachu huo ndio ulinzi. Ukiwaosha, unafungua mlango kwa wabaya. Jifukize udi nguo na nywele, unukie, hilo halina neno. Ndani pasiguswe. Hiyo 120,000, weka kando kwa ajili ya vipimo na nauli.

Sasa tufike kwenye mpangilio wa maisha, maana najua ndiyo ulioniandikia. Unalala saa 5, unaamka saa 9 usiku. Hizo ni saa nne. Mtu mzima anahitaji saa saba hivi. Yule dada wa mtandaoni anayeamka saa 11 alfajiri amelala saa mbili zaidi yako hata kama alilala muda ule ule uliolala wewe, na sidhani kama ana mama mkwe wa kugeuza usiku. Ukiongeza mazoezi ya alfajiri juu ya saa nne za usingizi unajiibia. Usingizi mfupi huongeza njaa, hasa ya vitu vitamu, na huchangia presha. Kwako wewe, saa moja ya kulala ina faida kuliko saa moja ya kukimbia.

Itapatikana wapi? Unga ukandwe saa 1 jioni, kabla ya chakula, na watoto wakubwa washiriki. Chapati zikatwe madonge, zipakwe mafuta, zifunikwe mahali pa baridi. Huenda ukapata saa nzima hapo. Ukimaliza kuuza, lala dakika 20 au 30 mchana bila kuona haya. Na usiku wa mama mkwe ugawanywe. Shirika la Kazi Duniani lilikokotoa mwaka 2018 kwamba duniani kote wanawake wanafanya zaidi ya robo tatu ya saa zote za kazi za nyumbani na za kulea zisizolipwa. Ninaitaja takwimu hiyo kwa sababu wewe unauita mzigo huo "kukosa mpangilio", kana kwamba ungenunua daftari zuri ungekwisha.

Na hao wifi zako wenye maoni kuhusu chanjo, huyo ni mama yao pia. Ukisema "nisaidieni" kwenye kikao cha familia, kila mtu ataitikia na hakuna atakayekuja. Omba kitu chenye jina na siku: "Wifi, Ijumaa na Jumamosi usiku mama alale kwako, au wewe uje ulale hapa." "Baba fulani, kumwogesha mama asubuhi na kumpa dawa zake ni kwako, mimi niko kwenye biashara." Mwana kumwogesha mama yake kuna wanaoona haya, naelewa; basi atafute na kumlipa mtu wa kusaidia, lakini asubuhi hiyo iwe jukumu lake. Ukipewa majibu ya kliniki, yabebe kwenye kikao hicho. Familia zetu huheshimu karatasi yenye muhuri kuliko mwanamke anayesema amechoka.

Mazoezi yaanze damu ikianza kupanda. Kusimama kwenye jiko kutwa kunachosha miguu lakini hakuchangamshi moyo. Lengo la watu wazima ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa haraka, ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba, pamoja na siku mbili za kukaza misuli. Kwako, anza na dakika 10 jioni. Pale ufukweni Raskazone upepo ni wa bure. Kukaza misuli kusikupe shida: kaa kwenye kiti na usimame bila kushika kitu, mara 10, kisha pumzika na urudie. Kama mkojo unakuponyoka ukicheka au kukohoa, jambo ambalo waliozaa wengi wanalo na hawalisemi, kaza misuli ya chini kama unayezuia mkojo, mara 8 hadi 12, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi mitatu. Na usijinyime maji kwa sababu choo cha sokoni ni kichafu. Najua ndivyo mnavyofanya, na najua pia ndiyo sababu mojawapo ya UTI zinazowarudia.

Jiko la mkaa liwe nje au penye hewa inayopita. Moshi na gesi yake isiyonuka huchukua nafasi ya hewa safi kwenye damu, na wewe damu ya kuchezea huna.

Maswali mawili ya moyo, uyajibu mwenyewe: katika wiki mbili zilizopita, siku nyingi umejisikia huzuni au kukata tamaa? Vitu ulivyovipenda vimeacha kukupa furaha? Kama ni ndiyo, mwambie daktari, kwa sababu sonona nayo huchosha, hukosesha usingizi, na inatibika. Inaweza kuwepo pamoja na upungufu wa damu. Kimoja hakizuii kingine.

Usisubiri siku ya kliniki ukiona dalili hizi: pedi inajaa kila saa kwa saa mbili mfululizo, unaona kizunguzungu au unazimia, unapumua kwa shida ukiwa umekaa, au kifua kinauma. Hapo ni bajaji na hospitali, siku hiyo hiyo, hata usiku.

Sasa binti yako. Mruhusu, na usaini karatasi leo. Chanjo hiyo inamkinga na virusi vya HPV, ambavyo ndivyo chanzo cha takriban saratani zote za mlango wa kizazi. Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hutolewa mapema kwa sababu inafanya kazi vizuri kabla binti hajakutana na virusi hivyo. Haigusi kizazi wala mayai. Nchi zilizoanza kuitumia miaka ya 2006 na 2007 wasichana wake wa kwanza sasa ni akina mama wenye watoto wao. Mkono utamuuma siku moja au mbili. Anaweza kuona kizunguzungu kidogo kwa woga wa sindano, kwa hiyo ale kabla ya kwenda shule na akae dakika 15 baada ya kuchomwa. Wifi wakiendelea kuuliza, mwambie mmoja wao akusindikize kwenye kipimo cha siki, naye apimwe.